Tupeane uzoefu: dhoruba iliyokurudisha utotoni

BintiKihenge:

Habari za jioni wakuu. Niko Houston, Texas. Msimu wa vimbunga huku ni Juni hadi Novemba, na kila ukianza kuna jambo linanirudia ambalo nimelibeba tangu 2017. Leo nimeamua kuliandika, maana naamini siko peke yangu.

Kimbunga cha Harvey kiliingia pwani ya Texas karibu na Rockport usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2017, upepo ukienda kama kilomita 215 kwa saa. Sisi wa Houston upepo haukutuumiza. Kilichotuumiza ni kwamba kimbunga kilifika kikakaa. Siku nne mvua inamwagika. Kule Nederland, mashariki yetu, walipima zaidi ya milimita 1,500. Kwetu Singida mvua ya mwaka mzima haifikishi nusu yake.

Mji haukuamriwa kuhama. Wenyeji walikuwa wanakikumbuka kimbunga cha Rita cha 2005, watu walivyofia barabarani kwenye foleni na joto wakikimbia. Kwa hiyo tulikaa. Nilikuwa naishi chini kabisa kwenye jengo, mimi na wanangu wawili, mmoja ana miaka 7 na mwingine 4. Baba yao anaendesha lori, alikuwa amekwama Oklahoma. Nikajaza maji kwenye bafu, ndoo na masufuria, maana bomba likikata hata choo hakifanyi kazi. Vyeti na pasipoti nikavifunga ndani ya mifuko ya nailoni, miwili miwili. Kiroba cha sembe nikakipandisha juu ya friji. Majirani wananipigia simu wanalia, mimi ndiye nawaelekeza.

Usiku wa Jumamosi simu zikaanza ule mlio wa hatari: tahadhari ya tonado, ule upepo mkali unaozunguka. Unatakiwa uingie chumba cha ndani kisicho na dirisha, na kwetu hicho kilikuwa stoo ya nguo. Tukaingia watatu, makoti yananing'inia usoni, nikavuta mlango. Simu ikilia tunaingia, ikinyamaza tunatoka. Sikumbuki tulifanya hivyo mara ngapi. Katikati ya giza yule mkubwa akaniuliza, "Mama, mbona wewe huogopi?"

Nikasikia harufu ya mtama.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitano, nikapelekwa kwa baba mkubwa. Ameshatangulia mbele ya haki, sitaki kumsema sana. Ila mkono wake ulikuwa mwepesi, na sisi watoto tulijua anakuja kwa sauti ya baiskeli. Bamba la mnyororo lilikuwa limelegea, linagonga. Ukilisikia kutoka pale kwenye mwembe, una muda wa kufanya jambo moja tu. Mimi nilikuwa najibanza nyuma ya kihenge cha mtama, magoti kifuani, mdomo wazi ili pumzi isisikike puani. Nilisikiliza mlango unavyofunguliwa. Nilisikiliza anavyoitikia salamu. Kabla ya watu wazima hawajajua, mimi nilishajua kama usiku ule kuna kipigo.

Na kule stoo, Houston, mtu mzima mwenye watoto wawili, nilikuwa nimekaa vilevile. Magoti kifuani, mdomo wazi. Utulivu walionisifia majirani sikuusomea popote. Niliutoa nyuma ya kihenge.

Jumapili maji yakaja. Nilikuwa nayasubiri mlangoni na mataulo, kumbe yanapanda kutoka chini. Zulia likaanza kutoa sauti ukikanyaga, chwa, chwa, kama unatembea juu ya tope. Tukapanda kwa jirani wa juu, mama mmoja kutoka Honduras, tukakaa siku tatu, watu kumi na mmoja. Yule mama Mungu ampe maisha marefu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kuwauliza. Siku zote zile nilikuwa imara. Maji yalipoondoka niling'oa zulia, nikatupa magodoro, nikajaza fomu za msaada. Nilianguka mwezi wa kumi. Kazini mtu alifunga droo ya chuma kwa nguvu, nikajikuta nimechuchumaa chini ya meza, mdomo wazi, na nje jua linawaka. Mshauri niliyekwenda kumwona aliniambia amewaona wengi wa aina yangu: hatari ikiwepo wanajua la kufanya, ikiondoka ndipo mwili unakosa pa kwenda.

Wewe uliyekua kwa shida, umewahi kupita kwenye kimbunga au mafuriko? Yalikurudisha wapi? Tupeane uzoefu.

MtotoWaZiwani:

Dada, pole sana. Mimi pia niko Houston, na sijawahi kumsimulia mtu haya nje ya nyumba.

Sisi ni watu wa Fizi, Kivu Kusini, Kongo. Tulivuka Ziwa Tanganyika mwisho wa 1996, nina miaka sita, usiku, kwenye boti la mbao lenye injini. Watu walikuwa wamebanana kama dagaa. Kilichobaki kichwani mwangu ni mkono wa mama. Alinifunika mdomo njia nzima. Si kugusa, ni kukandamiza, mpaka meno yakanikata mdomo kwa ndani. Nilionja damu. Tukafika Kigoma, tukapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikakulia pale karibu miaka ishirini, na mama hakuwahi kunikumbatia. Alikuwa mkali, maneno machache. Nilikua nikiamini kwamba ule mkono ndiyo mama yangu alivyo.

Harvey ilitukuta hatujamaliza miaka miwili hapa Marekani. Redio ilikuwa inasema msipande darini kama hamna shoka la kutobolea paa, kwa sababu maji yakiwafuata huko hamtoki. Tukakaa kwenye ngazi: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka mitatu, na mama. Jumatatu wakaja watu wa kujitolea na boti zao binafsi, wengi walitoka Louisiana. Mama akasikia injini.

Akakataa. Akashika nguzo ya ngazi na mikono miwili akasema, "Mashua mimi nilishamaliza." Tulimbembeleza, nikakasirika, nikampazia sauti, na Mungu anisamehe kwa hilo. Yule mzee mwenye boti hakuelewa neno hata moja la Kiswahili, ila alimwangalia mama muda, akazima injini. Akashuka majini, yakamfika kifuani, akachukua kamba. Akatuvuta kwa mguu, mtaa mzima, boti kimya.

Mama akapanda. Tulipofika katikati binti yangu akaanza kulia, na nikaona mkono wa mama unanyanyuka, unaenda mdomoni mwa mtoto. Vilevile. Vidole vilevile.

Nikaushika. Nikamwambia, "Mama, hapa tunaweza kulia."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Akaanza kulia yeye. Mwanamke ambaye sikuwahi kuona chozi lake, alilia mpaka tunafika kule ukumbi wa George R. Brown tulikolazwa na watu kama elfu kumi. Usiku, kwenye vitanda vya turubai, ndipo aliponieleza. Kwenye ziwa kulikuwa na mama mwingine mbele yetu, mwanawe alilia, na wanaume ndani ya boti walimwambia amtupe.

Sasa nina miaka thelathini na zaidi. Nimeanza juzi tu kumjua mama yangu.

MkongweWaPangani:

Nimesoma yote. Poleni kwa maafa. Lakini niseme kama mzee. Kimbunga ni kazi ya Mwenyezi Mungu, na malezi ni malezi. Sisi tumelelewa kwa fimbo na tumekuwa watu. Kumtoa marehemu hadharani hivi si mila yetu. Baba mkubwa ndiye aliyekulisha binti yangu, wapo yatima waliolala njaa.

BintiKihenge:

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli alinilisha, na alinisomesha mpaka la saba, nami nilimtumia hela ya dawa hadi siku anakata roho. Nilikwenda kumzika. Udongo nilitupa kwa mkono wangu. Sijaandika ili ahukumiwe, ndiyo maana hakuna jina lake wala la kijiji. Nimeandika kwa sababu wanangu waliniona nimekaa vile ndani ya stoo, na wakauliza. Nilipaswa niwajibu nini?

KoroshoMtwara:

Mzee wa Pangani heshima yako, lakini acha dada aseme.

Sisi Mtwara mtatukumbuka Aprili 2019. Beira, Msumbiji, ilikuwa imepigwa na kimbunga cha Idai mwezi mmoja tu nyuma, mara tunaambiwa Kenneth inakuja, na njia yake iko kwetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza, shule zikafungwa, wenye nyumba dhaifu tukaambiwa tuhamie majengo imara. Wengi hawakuamini. Ukanda wetu uko karibu na ikweta, vimbunga hukata kona kusini huko. Bibi yangu ndiye pekee aliyefungasha bila kuuliza, kwa sababu alikuwepo kwenye kimbunga cha Lindi cha 1952, na umri wa wanawe wote huuhesabu kuanzia pale.

Nikaenda kumchukua na baba. Hapa lazima nieleze. Msimu wa mabibo baba yangu alikuwa mtu mwingine. Uraka, ile pombe ya mabibo, ukianza kutengenezwa, mama alikuwa anatuvalisha viatu tukiwa kitandani, tulale navyo, ili tukikimbia usiku tusichomwe na miiba. Mpaka leo nikilala ugenini natafuta viatu vyangu vilipo kabla sijafumba macho. Mke wangu alidhani ni desturi ya Kimakonde.

Tulikaa ndani ya darasa tangu asubuhi ya Alhamisi tarehe 25. Baba amezeeka, anaona kwa jicho moja. Alikaa pembeni yangu juu ya deski. Upepo ukavuma, mvua ikaja, mabati yanatetemeka, na mwili wangu wote ukakaza. Nilikuwa nimevaa viatu, nimefunga kamba mara mbili. Nasubiri pigo.

Halikuja. Kenneth ilishukia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na ndugu zetu wa kule ndio walioumia. Kwetu ikawa mvua na matawi. Watu darasani wakashangilia. Mimi nilitetemeka kwa hasira ambayo sikujua naielekeza wapi. Nimejikaza siku nzima, halafu hakuna kitu.

Baba hakusema neno. Alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha ndani ya karatasi, akakikata, nusu akanipa. Akanitazama miguuni, kwenye zile kamba, akatazama pembeni. Nadhani alijua. Amefariki 2022 na hatukuwahi kuzungumza.

Muhogo ule niliula, dada. Hilo nalo ni la kweli.

MgeniTampa:

Mimi sina utoto wa kusimulia, wazazi wangu walinilea vizuri namshukuru Mungu. Ila nimehamia Florida mwaka huu na watoto wadogo, nasoma huku machozi yananitoka. Nifanye nini nao kikija kimbunga? Si maji na betri, hayo nimeshaambiwa. Nauliza kuhusu wao.

BintiKihenge:

Mdogo wangu, kwanza jua eneo lako la kuhama ni herufi gani (huko maeneo yamepewa A, B na kuendelea), na ukiambiwa hama, hama, Tampa Bay maji ya bahari ndiyo hatari. Hilo limalizike kabla hujafikiria mengine.

Kuhusu wao, nitakusimulia ya Beryl. Ilitupiga Jumatatu alfajiri, 8 Julai 2024. Kilikuwa kimbunga cha daraja la kwanza tu, lakini wateja zaidi ya milioni mbili walikosa umeme, na kwetu ulirudi siku ya saba, joto la Julai. Siku hizi tunaishi nyumba nyingine. Mkubwa amefika miaka 14, ananipita urefu.

Saa kumi alfajiri upepo unapiga ukuta, nikaamka kwenda kuwaamsha. Vitanda vitupu. Moyo ukanipasuka. Nikaona mwanga chini ya mlango wa stoo ya nguo. Hakukuwa na tahadhari ya tonado, hakuna aliyewaambia. Walikuwa wameingiza mito, tochi, pakiti ya biskuti na karata. Mdogo akasogea kunipisha, akasema, "Tulijua utakuja. Tulikuwekea nafasi."

Nikamuuliza kwa nini mmekaa huku. Akanishangaa.

"Mama, si ndiyo tunapokaaga? Hukumbuki? Ile mara nyingine ulitufundisha nyimbo za ngoma za kwenu, tukala biskuti zote."

Sikukumbuka wimbo wowote. Nilikumbuka magoti na harufu ya mtama tu. Nikaingia, nikavuta mlango, nikamwambia aniimbie mmoja.