Naombeni ushauri: neno "board" nilitafsirije?

Kalamu ya Pwani
Ndugu zangu, nawasalimu. Ninao waraka wa Kiingereza wa kurasa 40 ambamo neno "board" linajitokeza kila baada ya kurasa chache, na kila ninapolikuta naona limebadilika sura. Msimamo wangu ni kwamba neno moja litafsiriwe kwa neno moja tangu mwanzo hadi mwisho ili msomaji asichanganyikiwe, na neno nililolichagua ni "bodi". Je, kuna kosa hapo? Naomba majibu mapema, kwani tangu juzi usingizi umenipaa.

Fundi Randa
Mimi ni seremala, na kwangu jambo hili ni jepesi: "board" ni ubao. Lakini ubao nao una madaraja. Mwaka jana mteja alinilipa fedha za mninga, msaidizi wangu akaenda kununua msonobari na kuupaka rangi, na kabati lilipopata unyevunyevu wa masika likapinda milango yote miwili, nami nikalirudia kwa gharama yangu. Ukisema "bodi" mbele yangu, nitafikiri unataka silingi bodi.

Mwalimu Mstaafu
Vijana siku hizi wakilikuta neno la Kiingereza hulibandika irabu mwishoni, kisha wakadai wametafsiri. Tunao ubao wa kuandikia, ubao wa matangazo na shule ya bweni, ambayo nayo watu wameigeuza kuwa "bodingi". Wataalamu walitupatia hata "baobonye", sisi tukang'ang'ania "kibodi". Isitoshe, "bodi" tayari ina mzigo mwingine: bodi ya gari haitokani na "board" hata kidogo, bali na neno la Kiingereza la mwili.

Bi Mkaguzi
Mwanangu Kalamu, wote wanakujibu bila kuuona waraka. Ni waraka wa nini, neno hilo limo katika sentensi zipi, na je, kazi bado iko mezani kwako au umekwisha kuikabidhi?

Kalamu ya Pwani
Shikamoo, Bi Mkaguzi. Ni kitabu cha mwongozo wa wafanyakazi wa hoteli moja ya ufukweni, Unguja. Ukurasa wa kwanza unaitaja "board" ya wakurugenzi, ambayo haina utata. Ukurasa wa 11 unasema kuwa wafanyakazi walio zamu hupata "half board". Ukurasa wa 26 unahusu safari za mashua na unataka wageni wote wawe "on board" ifikapo saa 10 jioni. Ningependa tujadili kanuni ya istilahi kwanza.

Mwagiza Magari
Neno hili lilinitia hasara. Nilipoagiza gari Japani niliona bei imeandikwa FOB, yaani "free on board", nikashangilia kuwa ni nafuu. Kumbe hiyo ni bei ya gari likiwa limepakiwa melini kulekule, na nauli ya meli pamoja na bima zilikuwa bado zinanisubiri. Hiyo B ndiyo "board" yenyewe.

Nahodha wa Zamani
Mwagiza Magari amegusa mzizi wa jambo. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa na maana ya ubao, meza na ubavu wa chombo. Kutoka kwenye ubavu wa chombo tukapata "on board", ambayo sisi tuliofanya kazi baharini tunaisema kwa neno moja tu, chomboni. Upande wa kulia wa meli huitwa "starboard", na nimewahi kuona mtu ameuandika "ubao wa nyota", wakati asili yake ni upande uliokuwa na kasia la usukani. Upande wa kushoto uliitwa "larboard", lakini masikio yalikuwa yakichanganya majina hayo mawili katikati ya upepo, hata mwaka 1844 jeshi la maji la Uingereza likaamuru jina hilo liachwe na pasemwe "port". Kutoka kwenye meza zikatoka maana mbili: chakula kinachowekwa juu yake, na watu wanaoizunguka kwa kikao. Kwa hiyo "bodi" yako ya ukurasa wa kwanza na chakula cha ukurasa wa 11 ni ndugu, ila huwezi kuwavika kanzu moja.

Bi Mkaguzi
Marahaba. Swali langu la mwisho hujalijibu.

Kalamu ya Pwani
Nimeikabidhi. Imechapwa, na ukurasa wa 11 umebandikwa mlangoni mwa kantini ukiwa na maneno haya: "Wafanyakazi walio zamu wana haki ya nusu ya bodi." Juzi wapishi wawili na mhudumu mmoja walikwenda ofisini kuuliza uchaguzi wa wajumbe wao utafanyika lini. Hata hivyo sioni kuwa nimekosea sana, kwa sababu sarufi ni sahihi na istilahi haijayumba popote.

Mshuku
Hapa ndipo ninapoaga. Nimesahihisha mitihani ya tafsiri kwa miaka mingi, na maana tatu zilizopangwa kila moja katika ukurasa wake ni mtego wa mtunga maswali. Tena "half board" ni lugha ya bei za wageni, yaani chumba pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni. Mfanyakazi wa kawaida haandikiwi hivyo. Mwanafunzi huyu anatafuta majibu ya bure.

Fundi Randa
Kama ni mtihani, mimi nimeandika ubao na ninadai alama zangu.

Kalamu ya Pwani
Laiti ungekuwa mtihani, ndugu Mshuku, ningefeli peke yangu. Aliyeandika mwongozo alinakili maneno hayo kutoka kwenye orodha ya bei za wageni. Leo asubuhi nimemfuata mpishi mkuu na kumuuliza wafanyakazi hula nini hasa. Amenionyesha daftari lake la mgawo: wali na maharage mchana, ugali na mchicha jioni, samaki Ijumaa. Asubuhi hawapewi kitu, maana gari lao hufika saa 3 wakiwa wamekwisha kunywa chai kwao. Sasa "half board" ya wageni si "half board" ya wafanyakazi, nami naogopa nikiandika "kifungua kinywa na chakula cha jioni" kesho watadai chapati.

Bi Mkaguzi
Basi kanuni ya neno moja iweke kando. Andika: "Mfanyakazi aliye zamu atapewa milo miwili, yaani chakula cha mchana na cha jioni." Mwonyeshe meneja aidhinishe kabla hujachapa. Na ile ya ukurasa wa 26 umeiandikaje?

Kalamu ya Pwani
"Wageni wote wawe kwenye bodi ifikapo saa 10 jioni."

Nahodha wa Zamani
Chomboni, mwanangu. Chomboni.