Mjadala: Ukihamia ankara za kielektroniki, karatasi uifunge kabisa au uiache iende sambamba?

Wadau, hoja iliyo mezani ni hii. Kampuni inayoachana na ankara za karatasi, itangaze tarehe na kuifunga karatasi siku hiyo, au iache njia zote mbili hadi kila mteja na kila muuzaji azoee? Wanaotetea njia mbili wanasema ndio uungwana, na kwamba haraka haraka haina baraka. Mimi nasema njia mbili ndizo zinazoua zoezi zima.

Kwanza tuondoe danganya toto moja. Kuchapa ankara, kuigeuza PDF na kuituma kwa baruapepe hakujabadilisha chochote zaidi ya kuokoa gharama ya posta. Mtazame karani wa malipo anavyoishughulikia: PDF ipo kushoto mwa skrini, programu ya uhasibu kulia, naye anahamisha kwa vidole jina la muuzaji, tarehe, namba ya ankara, kiasi kabla ya kodi, kodi yenyewe, jumla. Muuzaji kaandika namba 2024/0417, karani kaingiza 2024-0417. Baada ya muda nakala ya karatasi inafika, inaangukia kwa karani mwingine, naye anaingiza alama ya mkwaju (/) kama ilivyo. Programu inaona ankara mbili tofauti. Pesa inatoka mara mbili, na kuirudisha ni barua juu ya barua.

Ankara ya kielektroniki kwa maana inayobishaniwa leo ni faili la data, mara nyingi la muundo uitwao XML unaosomwa na kompyuta, ambamo kila kipengele kina mahali pake maalumu. Programu ya mnunuzi inalisoma yenyewe na kulilinganisha na oda ya ununuzi na hati ya kupokelea mzigo. Vitatu vikikubaliana, ankara inakwenda kuidhinishwa. Visipokubaliana, inasimama imsubiri mtu. Ujerumani, tangu Januari 1, 2025, kampuni zinapouziana ndani ya nchi lazima mnunuzi aweze kupokea ankara za aina hii, na PDF tupu haihesabiki tena kuwa ankara ya kielektroniki. Italia ilikwenda mbali zaidi mwaka 2019: ankara baina ya kampuni hupitia mfumo wa serikali, na isiyopita huko inachukuliwa kuwa haikutolewa. Ukikosea namba ya mlipakodi, mfumo unaikataa na kukurudishia. Karatasi ingelipokea kosa hilo bila kinyongo, ukaja kulijua siku ya ukaguzi.

Sasa hoja za upande wa pili. Ile ya ushahidi, kwamba mahakamani na kwa mkaguzi kinachotakiwa ni karatasi yenye mhuri, naona imepitwa na wakati. Sheria ya mfano ya biashara ya kielektroniki ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa, ambayo nchi nyingi zimeifuata, ilisema tangu 1996 kwamba taarifa isinyimwe nguvu ya kisheria kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Bila shaka, kama sheria ya kwenu bado inadai karatasi, mjadala umeisha, fuateni sheria. Tatizo halisi ni utunzaji. Faili litakiwe baada ya miaka kadhaa, lifunguke, na lionekane halijaguswa. Kampuni inayochapisha XML kwenye karatasi, ikaiweka kabatini na kulifuta faili, imetupa ankara halisi na kubaki na kivuli chake.

Hoja ya utapeli ina uzito zaidi. Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, kati ya 2013 na 2015 alijifanya muuzaji wa vifaa, akatuma ankara za uongo kwa baruapepe, na Google na Facebook wakamlipa zaidi ya dola milioni 100. Alifungwa miaka mitano mwaka 2019. Lakini tazameni alikopenyea: baruapepe na nyaraka za kughushi zenye sura nzuri, yaani vilevile vitu ambavyo kampuni nyingi bado zinaviamini. Mtandao kama Peppol, ulioanzia Ulaya na sasa upo hadi Singapore na Australia, unapitisha ankara kwa watoa huduma waliosajiliwa, kwa hiyo kujifanya muuzaji fulani si rahisi kama kufungua anwani ya baruapepe. Haumalizi utapeli. Namba ya akaunti ya benki ikibadilika, mtu apige simu kwa namba ya zamani iliyo kwenye kumbukumbu zenu, asipige ile iliyoandikwa kwenye ankara mpya. Teknolojia haiondoi simu hiyo.

Ninapoinamisha kichwa ni kwenye suala la wauzaji wadogo. Mnunuzi mkubwa anatangaza "tumehama", kumbe amefungua tovuti yake na kumwambia kila muuzaji aingie ajaze mwenyewe. Muuzaji mwenye wateja wakubwa watano anajaza tovuti tano, kila moja na nywila yake. Kazi ya kuingiza data haijafutwa, imetwishwa mnyonge. Huo ni uonevu, na hapo nipo nanyi. Lakini dawa yake si kurudisha karatasi. Italia iliwaacha nje wafanyabiashara wadogo wanaolipa kodi kwa utaratibu rahisi wa kiwango kimoja mwanzoni, ikawaingiza kwa awamu 2022 na 2024, huku mamlaka ya kodi ikitoa programu ya bure. Ujerumani iliwapa watumaji muda wa kuhama, wengi hadi mwisho wa 2026, wadogo hadi mwisho wa 2027. Ipo pia njia ya kati, PDF iliyobeba XML ndani yake: binadamu anasoma ukurasa, kompyuta inasoma faili. Mchakato wa awamu una tarehe ya mwisho, ndiyo tofauti yake na "tuache ziende sambamba".

Kwa hiyo wanaotetea njia mbili, nina swali moja. Mkaguzi akikuta ankara moja, karatasi inasema kiasi hiki na faili linasema kile, ipi ndiyo ankara yenu, na nani ndani ya kampuni mlimpa mamlaka ya kuamua? Nijibuni hilo kabla hatujaendelea na mengine.