Naomba ushauri: habari za Kinshasa zinatukuta tuko hewani

Wandugu, salamu toka Bukavu. Redio yetu ndogo hapa Kadutu inachukua habari za nchi kwa mtandao mmoja wa Kinshasa: sauti kwa intaneti, maandishi kwa WhatsApp, yote Kifaransa. Kwao saa iko nyuma, basi taarifa yao ya saa kumi na mbili jioni inatufikia saa moja usiku, mtangazaji wetu akiwa tayari kwenye maikrofoni. Juzi alitafsiri "motion de censure" (hoja ya kutokuwa na imani na serikali) papo hapo, akasema bunge linakagua magazeti! Simu zililia mpaka usiku.

Turushe moja kwa moja habari za Kiswahili za Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa hapa Kongo, kama redio washirika wengine, au turekodi, tutafsiri kwa utulivu, tusome asubuhi? Na umeme ukikatika katikati ya taarifa, nyinyi mnafanyaje?