Eti "imeandikwa Kangxi chini, basi ni ya 1700"!

Wakuu, mnamjua, simtaji. Leo kashika kibakuli cha chai cha Kichina, kile kisicho na mkono. Kakigeuza, kaangalia alama ya jina la Kangxi, mfalme wa China wa zamani, sekunde mbili, katangaza: "Imeandikwa Kangxi chini, basi ni ya 1700." Sekunde mbili! Hata chapati haigeuzwi haraka hivyo!

Na ubavuni kumejaa maua ya rangi ya waridi! Rangi ile hutengenezwa kwa dhahabu, na kule Jingdezhen, mji wa Uchina wa kutengeneza vyombo hivi, ilishika kasi miaka ya 1720. Kangxi kafariki 1722! Tena mwaka 1677 mafundi walikatazwa kuandika jina la mfalme kwenye vyombo, ndiyo maana vingi vya zama zake vina jani tu, au duara mbili tupu. Alama yake ya herufi nne imejaa kwenye vyombo vya mwisho wa karne ya 19. Sekunde mbili, jamani. Kitako hakukigusa!

KitakoWazi: Kitako ndicho shahidi. Pitisha kidole kwenye ukingo usiopakwa kioo, yaani ule utando unaong'aa juu ya chombo. Uliochakaa kwa matumizi ni laini na mikwaruzo inakwenda kila upande. Ikielekea upande mmoja, hiyo imepigwa msasa ili ionekane ya zamani.

LenziKumi: Mleta mada, punguza jazba. Ulikiinamisha kwenye mwanga wa pembeni? Kando ya rangi za zamani, hasa buluu na kijani, mara nyingi kuna ukungu wa rangi za upinde wa mvua. Hukuangalia. Umekuja kupiga kelele.

Mleta mada: SEKUNDE MBILI!

BintiKaure: Mimi nachukia wanaoficha ufa. Gonga kwa ukucha: kizima kinalia kama kengele, chenye ufa sauti inakufa palepale.

Sahani7: Afadhali hao. Kuna wanaoloweka kwenye dawa ya madoa usiku kucha! Dhahabu ya mdomoni imepakwa juu ya kioo, inatoka. Maji vuguvugu, sabuni kidogo, beseni la plastiki, taulo chini, kimoja kimoja.

KitakoWazi: Halafu wanavipanga kimoja ndani ya kingine! Kitako cha juu kinakwangua maua ya cha chini.

Pwani_Halisi: Na waliong'oa bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi, Dar es Salaam, je? Yamebaki mashimo kwenye chokaa.

Mleta mada: Rudini kwenye mada!

Sahani7: Tukivipanga, katikati ya chombo na chombo tuweke pamba au karatasi laini?

KitakoWazi: Karatasi. Pamba inanasa kwenye rangi iliyoinuka.