Mbwa wangu hawezi kukaa kituoni bila mimi, na safari ni ya siku 12

Safari_Shingo_Upande
Wakuu habari zenu. Nina mbwa jike wa miaka 6, hajazoea kulala ugenini, na mwezi ujao nina safari ya kikazi siku 12 ambayo siwezi kuikwepa. Mwaka jana nilimpeleka kituo fulani cha kulaza mbwa siku 4 tu, kurudi nakuta sauti imemkauka kwa kubweka, anaharisha, na wale jamaa wananiambia eti siku mbili za kwanza hakugusa chakula ila ni kawaida. Halafu na mimi ile asubuhi nilimkumbatia pale getini nikaanza kulia, na yeye akawa anatetemeka, mpaka leo nikishusha begi kabatini anaenda kujibanza chini ya meza. Hivi nimpe tu dawa ya usingizi alale siku ziende au kuna namna nyingine? Ndugu siwezi kuwaachia, kaka yangu mwoga wa mbwa, dada ana mtoto mchanga.

Mtu_wa_Bandani
Pole mkuu. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye hosteli ya mbwa (ndo tulivyokuwa tunaiita wenyewe) na mbwa kama wako tulikuwa tunawapokea kila wiki. Ulichokosea ni kwamba mara yake ya kwanza kabisa kulala ugenini ulimpa siku 4 kwa mkupuo. Sasa una mwezi mzima, utumie. Wiki hii mpeleke masaa mawili tu mchana, muache, rudi umchukue. Baadaye kutwa nzima, baadaye usiku mmoja, halafu mbili. Hapo hata asipokipenda kituo haina shida, anachojifunza ni kwamba ukiondoka huwa unarudi. Mbwa hajui kalenda, anajua zile mara tano ulizoondoka ukarudi.

Chakula peleka kilekile anachokula kwako, cha siku 12 na akiba ya siku mbili tatu maana ndege nazo huchelewa. Kule kuharisha mara nyingi ni stresi ikichanganyika na kubadilishiwa chakula ghafla. Na fulana uliyolala nayo, usiifue, mtandikie. Kuna mbwa mzee mmoja tulikuwa naye, dume, alikuja na soksi ya bosi wake basi bila ile soksi kuwa kando ya bakuli hali. Siku mbili nilikaa naye chini sakafuni namlisha kwa kiganja, punje moja moja, ya tatu akaisukuma soksi na pua karibu na bakuli akala mwenyewe akamaliza. Kwa hiyo waulize kabisa hao watu wako, asipokula mnafanyaje? Wakikujibu "atakula akisikia njaa" tafuta kituo kingine.

Begi litoe leo, liache sebuleni wiki nzima, mrushie vitafunwa humo ndani mpaka alione ni kitu cha kawaida. Na siku ya kuondoka mkabidhi kamba mhudumu, geuka, nenda. Kulia ukalie kwenye gari.

Kucha_Ndefu
Ukalie kwenye gari 😂😂 mimi siku ya kwanza nilipiga simu mara nne, ya nne yule dada akaniambia kwa upole tu, mbwa amelala, ambaye hajalala ni wewe

Sindano_na_Bomba
Kuhusu dawa, nasaidia kwenye kliniki ya mifugo kwa hiyo nisikilize hapa. Dawa ya usingizi ya binadamu usithubutu. Na hata za wanyama sio zote zinatuliza hofu, asepromazini kwa mfano inamlegeza mwili ila woga unaweza kubaki palepale, yaani anaogopa na kukimbia hawezi. Daktari akiona kweli anahitaji anaweza kumwandikia trazodoni au gabapentini, na unaijaribu nyumbani kwanza uone inamkaaje, sio unaianzia kituoni.

Ukienda huko uliza na chanjo ya kikohozi cha mbwa, mbali na zile za kichaa, distempa na parvo (magonjwa mengine hatari ya virusi kwa mbwa). Ya puani inatakiwa siku kadhaa kabla hajaingia, ya sindano kama hajawahi kuchomwa ni dozi mbili zinazopishana wiki 2 hadi 4, kwa hiyo nenda sasa hivi usingoje wiki ya safari.

PakaMmoja
Samahani nadandia uzi, na paka je? Dume, mnene, mwoga balaa

Sindano_na_Bomba
Paka ukipata mtu wa kuja kwako mara mbili kwa siku muache nyumbani, paka anapenda sehemu yake kuliko hata wewe (usikasirike). Ikibidi aende, kiwe chumba asichosikia mbwa, na boksi la kujifichia wasimtoe kwa nguvu. Waambie wazi kwamba asipokula siku nzima wakupigie, maana paka hasa mnene akikaa siku mbili tatu bila kula ini linaweza kujaa mafuta. Na dume akichuchumaa mara kwa mara kwenye mchanga mkojo hautoki, hiyo ni hospitali muda huohuo.

Safari_Shingo_Upande
Mrejesho wakuu. Nilibadilisha kituo. Mara mbili za kwanza alijivuta getini mpaka nikaona aibu, ya tatu akaingia mwenyewe ananusa nusa. Usiku wa kwanza akagoma kula, asubuhi akala. Begi ndo kabisa, siku hizi analala juu yake! Leo ni siku ya tano niko safarini, wamenitumia klipu ya sekunde 20, fulana yangu ni matope matupu. Wanasema jioni magari yakipita anasimama kwenye uzio anaangalia, ila akiitwa chakula anakuja.

Mtu_wa_Bandani
Safi sana. Ukimchukua atakunywa maji mengi na anaweza kulala kama siku mbili hata asikusemeshe, usijisikie vibaya, amechoka. Ila akikohoa ndani ya wiki mbili baada ya kumchukua mpeleke kwa daktari.