Nguo za waja leo waondoka leo: zinatufaa au zinatuumiza, watu wa Tanga?

Mleta mada, Chumbageni

Wiki hii barazani kwetu ubishi uliwaka. Bwana mmoja kasema nguo za bei chee zinazomiminika kutoka China kupitia Kariakoo zipigwe marufuku, zinaua mafundi na kujaza majalala. Dada mmoja akamuuliza kama yeye ndiye atakayewavisha wanawe Idi. Watu wakacheka, hoja ikabaki hewani. Nimeileta hapa.

Msimamo wangu nautanguliza: bei kuwa nafuu si dhambi. Ubaya ni nguo kushonwa kwa hesabu ya kuvaliwa mara mbili tatu basi. Zara na H&M ndio waliozoesha dunia kubadili mitindo kila baada ya wiki chache, halafu Shein, duka la mtandaoni lililoanzia China, akaja na mitindo mipya kwa maelfu kila siku. Sasa bei ishuke vipi? Panabanwa kitambaa, panabanwa na mshahara. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani leo ni poliesta, nayo inatokana na mafuta yale yale ya petroli. Mshahara nao, kumbukeni Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo kule Bangladesh, 24 Aprili 2013. Nyufa zilionekana ukutani siku moja kabla, benki iliyokuwa humo ikafunga, washonaji wakaamriwa warudi kwenye vyerehani. Jengo likaanguka, wakafa zaidi ya watu 1,100.

Haya, semeni.

Mama Belo, Ngamiani

Umenigusa kwenye kidonda mwanangu. Mimi nauza mtumba, na hizo nguo mpya mnazozisema zimeniingilia mpaka ndani ya belo. Zamani ukikata kamba za belo la blauzi, hata zile za chini zilikuwa na heshima yake. Siku hizi nakuta vijinguo laini, lebo bado inang'aa lakini makwapani kumejaa vinundu na mshono umepinda upande. Bei ya belo haishuki ng'o. Mzungu akinunua takataka, miaka miwili baadaye takataka hiyo iko mezani kwangu. Zisizouzika nampa kijana wa gereji afanye matambara, naye kazikataa: poliesta hainyonyi oili!

Lakini wanaotaka mtumba upigwe marufuku niwakumbushe. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana tuuondoe hadi kufikia 2019. Marekani ikatishia kutunyima nafasi ya kuuza kwao bila ushuru chini ya sheria yao ya AGOA. Wengine tukanywea, Rwanda ikashikilia ushuru wake wa mtumba, na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye unafuu huo. Mimi kunywea kwetu kulinisomeshea watoto, sitaki kusema uongo.

Fundi wa Barabara ya Nane

Mtu asiambiwe na lebo. Chomoa uzi kwenye pindo, uwashe kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na inaacha jivu la kupulizika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, ikipoa inakuwa kidonge kigumu cheusi. Halafu geuza nguo uangalie ndani. Gauni la zamani lilikuwa na akiba ya kitambaa kwenye mshono, mteja akinenepa nafumua namtanulia. Hizi za sasa kitambaa kimekatwa hadi ukingoni, kimepigwa ovaloki, hakuna cha kutanua. Ikibana imebana. Mteja ananilaumu mimi.

Kazi ya kushona kutoka mwanzo imebaki sare za shule na suruali za wazee. Mengine ni kubana madera na kubadili zipu.

Binti wa Makorora

Shikamooni wakubwa. Mnaongea kama watu ambao makabati yenu hayajawahi kuwa matupu. Kushonesha gauni ni kitambaa, bitana, zipu, ufundi, na juu yake "njoo kesho" za fundi mpaka shughuli inapita. Fundi usinune, unajua mnavyotufanya. Mimi nanunua mzigo mdogo Kariakoo, nauza kwa simu, na mtaji niliupata kwenye upatu wa kijumbe. Kazi ya ofisini sikupata.

Na Bangladesh msiililie nusu nusu. Viwanda vile vimeajiri watu karibu milioni 4, wengi wanawake. Tukisusa wote, wale wanawake wanakwenda wapi? Wao walidai majengo salama na mshahara unaokidhi, hawakudai kazi iondoke.

Mpita njia

Suluhisho tunalo nyumbani: mkonge! Tanga tuvae katani yetu.

Fundi wa Barabara ya Nane

Anza wewe, kaka. Uvae katani mchana wa Februari kisha uje utuonyeshe mgongo. Ile ni ya kamba na magunia.

Mleta mada, Chumbageni

Hoja ya binti kuhusu wale wanawake naikubali. Ndiyo maana sikusema marufuku. Pamba yetu ya Simiyu na Shinyanga, sehemu kubwa inauzwa nje haijasokotwa, kwa hiyo tukifunga mlango leo tutavaa nini? Ila tusijifanye tumeletewa ugonjwa tu. Angalieni sare zetu za shughuli. Singo, siku ya kumsinga bibi harusi, ina kijora chake, harusi ina chake, kumtoa bibi harusi kina rangi nyingine, na ole wako utokee na cha mwaka jana. Vingi ni poliesta tupu, joto la Tanga linavijua. Shein hakutufundisha hilo. Mtu anakopa 15,000 ya sare, anaivaa saa nne, kisha inakuwa foronya au inaishia mtaroni, mvua za masika zikija tunalaumu halmashauri. Accra, kwenye soko la Kantamanto, mabaki ya mtumba yanasombwa mpaka baharini na kurudi ufukweni yamesokotana kama nyavu. Sisi pwani tunayo pia.

Ushauri wangu ni mmoja: sare iwe kanga. Itavaliwa nyumbani, itabeba mtoto, itatandikwa.

Mama Belo, Ngamiani

Kanga zenyewe siku hizi nyingine ni poliesta, mwanangu. Uwashe uzi kwanza.

Binti wa Makorora

Wazo la kanga si baya. Ila mwezi ujao kuna harusi Msambweni, sare imeshatangazwa: kijora cha zambarau, na mwenye shughuli ni wifi yangu. Mzigo nimeleta mimi. Nani kati yenu atakwenda kumwambia?