Naomba ushauri: kikundi chetu cha mradi wa afya ya kinywa hakielewani

Wakuu habari za saa hizi, mimi nasoma kozi ya afya ya kinywa na meno, tumepangwa watu sita tukafundishe watoto wa shule moja ya msingi huku Meru. Sasa shida iko hapa, kiongozi wetu ameshachapisha bango "piga mswaki asubuhi na usiku meno yawe meupe", wakati maji ya huku yana floraidi nyingi, yale madini yanayobadilisha rangi ya meno yakizidi (WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, kuna vyanzo huku vinapitiliza kabisa) ndo maana watoto kibao meno yao ni ya kahawia, ile rangi haitoki hata asugue mpaka fizi zivuje damu. Mtoto akisoma lile bango si ataona anaambiwa mchafu jamani?

Mimi nilishauri tuongee na wazazi pia, habari za maji ya mvua (yenyewe floraidi yake ni kidogo), magadi ya kupikia (nayo yana floraidi), na kwamba kuchemsha maji hakuondoi floraidi, mswaki tuufundishe kwa ajili ya kuzuia meno kutoboka na kulinda fizi basi. Nikaambiwa naleta ujuaji. Wengine kwenye grupu la WhatsApp wanasoma meseji wanakausha, wanasubiri majina kwenye ripoti tu.

Wiki ijayo ndo tunaingia shuleni. Nimfuate msimamizi au itaonekana namchongea mwenzangu? Na waliowahi kufundisha watoto wenye meno hayo, mliwaambiaje bila kuwatia aibu? Mwalimu anasema wengine wakicheka wanaziba mdomo.